Noah au Hiace ya kulalia njiani? Jibu kwa mwalimu wa Katuba, Lubumbashi

Swali, kwa ufupi: "Fundi, jambo. Nimestaafu ualimu mwaka jana, watoto wote wamekwisha kuoa na kuolewa. Mimi na mama tunataka gari dogo la kulala ndani yake tukitembea: Likasi, Kolwezi, maporomoko ya Lofoi, na Mungu akipenda hata Livingstone. Nimeonyeshwa Noah ya 2003 na Hiace ya zamani ya mazutu (dizeli), bei karibu sawa. Nichukue ipi? Na ndani niweke nini? Seremala jirani yangu amekwisha kunichorea makabati, sinki na meza. Mama anauliza habari ya choo, na pazia ziwe rangi gani."

Papa Mwalimu, jambo sana, na salamu nyingi kwa Mama. Kabla sijagusa Noah wala Hiace, naomba kitu kimoja: mwambie seremala aweke penseli chini kwanza.

Gari la kwanza nililolitengeneza kwa kazi hii lilikuwa langu mwenyewe, na nililiua kwa mbao. Niliweka kabati la vyombo, sinki yenye pampu ya mguu, meza ya kukunja, hata rafu ya vitabu, mimi ambaye nikiwa safarini nasoma vibao vya peaji tu, pale panapolipiwa barabara. Hapa mtaani kila aliyechungulia ndani alipiga mluzi. Kisha nikaliingiza kwenye udongo, njia ya Kundelungu. Barabara ile ina mikunjo kama bati la paa, gari linatetemeka hadi meno yanagongana. Haikupita saa moja komeo la kabati likaachia, chupa ya mafuta ya mawese ikapasuka, mafuta yakakutana na sukari, na vyote viwili vikaenda kulala kwenye godoro. Springi za nyuma nazo zilikuwa zimelala kabisa, kila shimo nasikia tairi likigusa bodi. Niliporudi nyumbani nilichukua nyundo nikang'oa karibu kila kitu. Kilichobaki ni kitanda, masanduku manne ya plastiki na bidoni mbili za maji, na hivyo ndivyo ninavyosafiri hadi leo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: ndani pawe pa kulala, nje pawe pa kupika, na pesa ziende kwanza chini ya sakafu, yaani kwenye matairi, breki, springi na redieta. Katika kila dola 10 ulizonazo, 6 zinunue gari, 2 zilitengeneze lipate kutembea, 1 itengeneze ndani, na 1 ikae mfukoni hadi mrudi kutoka safari ya kwanza. Hiyo ya mwisho usimpe seremala, hata akija na mchoro mzuri kiasi gani. Mkirudi mtajua wenyewe mnachokosa, nacho mara nyingi si kile mlichokuwa mkikifikiria mkiwa mmekaa sebuleni.

Sasa magari yenyewe. Watu wa hapa wakisema Noah wanachanganya magari mawili. Noah ya zamani, ya 1996 hadi 2001, injini yake iko chini ya viti vya mbele na inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ni gari la kazi lililovaa suti. Hiyo ya 2003 uliyoonyeshwa ni kizazi kingine. Injini iko mbele, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, sakafu iko chini. Kwa magoti yenu sakafu ya chini ni neema, sikatai, Mama ataingia bila kuvutwa mkono. Lakini sakafu hiyo hiyo ndiyo itakayokwaruza kila jiwe mkitoka lami. Na kuna kubwa zaidi. Noah nyingi za miaka ile zina injini ya esansi (petroli) ya lita 2 iitwayo 1AZ-FSE. Utaona imeandikwa D-4 kwenye kifuniko chake. Maana yake ni kwamba esansi inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa sana. Inakunywa kidogo na inavuta vizuri, ila inataka esansi safi. Pampu yake ya presha na sindano zake hazivumilii esansi ya kadafi, ile ya chupa kando ya barabara, na ninyi huko mnakotaka kwenda, siku nyingine kadafi ndiye mwenye duka peke yake. Tena, kwa kuwa esansi haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, hakuna kinachoziosha. Masizi yanajikusanya pale mwaka hadi mwaka, gari linaanza kutetemeka likisimama, na fundi asiyelijua atakubadilishia buji (plagi) mara tatu akisema zile za kwanza zilikuwa za bandia.

Hiace nayo usiinunue kwa jina. Nyanyua kiti cha mbele usome namba ya injini. Ukikuta 3L, ya lita 2.8, au 5L, ya lita 3, furahi kimya kimya, muuzaji asikuone. Hizo hazina turbo, pampu yao ya mazutu ni ya mekanika, hakuna kompyuta ya kubembeleza. Mwendo hazina. Kwenye kilima chochote cha njia ya Likasi lori lenye shaba litakupita na kukupigia honi ya huruma. Lakini fundi wa Likasi, wa Fungurume, hata wa kijiji chenye garaji ya chini ya mwembe, anaijua kwa kuipapasa tu. Ukikuta 1KZ, ya lita 3 yenye turbo, uwe mwangalifu: inavuta vizuri, ila siku ikipata joto kupita kiasi kichwa cha injini kinapasuka, na wengi huuza gari wiki inayofuata. Kwenye Hiace za umbo jipya, zilizoanza kutoka mwaka 2004, utakuta 1KD au 2KD za mazutu. Ni injini nzuri zenye sindano za kompyuta. Mazutu machafu huziua, na bei ya sindano nne itakufanya ukae chini. Umbo hilo jipya lipo pia na injini ya esansi ya 1TR, lita 2, isiyo na mbwembwe. Yenyewe inatumia cheni ya taimingi. Hizo za mazutu nilizozitaja zinatumia mkanda. Kama muuzaji hana karatasi inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini, uhesabu kwamba haujabadilishwa, na uubadilishe kabla ya kutoka mjini.

Kati ya hizo mbili, basi, mimi ningechukua Hiace, kama ni 3L au 5L na redieta yake haina uchafu. Kama ni 1KZ yenye maji ya rangi ya kutu, ziache zote mbili, rudi sokoni ukatafute Noah ya zamani au Hiace ya 1TR. Hujachelewa popote. Mwalimu mstaafu hana kengele.

Nenda kuiangalia asubuhi na mapema, bila kumwambia muuzaji saa. Weka kiganja juu ya injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, mtu ameiamsha kabla yako kwa sababu anayoijua yeye. Waambie wawashe ukiwa umesimama nyuma. Moshi mweusi kidogo kwa mazutu si kitu. Moshi mweupe usioisha, au wa bluu, ni shida. Kifuniko cha redieta kifunguliwe injini ikiwa baridi, kisha iwashwe: mapovu yakipanda mfululizo, gasketi ya kichwa imekwisha. Halafu lala chini. Hiace ya bei yako, kwa uhakika wa asilimia tisini, imekuwa taxi-bus, imebeba watu wanne kwenye kiti cha watatu kwa miaka. Gonga sakafu kwa funguo karibu na bolti za viti na kwenye vizingiti vya milango; pakilia pakavu ni bati, pakilia kama karatasi ni rangi iliyofunika kutu.

Kuna jambo la volani (usukani) ambalo madalali hawalisemi. Magari haya mengi yametoka Japani, yameshushwa Dar es Salaam na kupita Tunduma, Nakonde hadi Kasumbalesa, na volani yake iko kulia. Hapa kwetu tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwanza, ulizia ofisini kabla ya kulipa kama gari la namna hiyo litaandikishwa kwa jina lako. Pili, fikiria ukiwa nyuma ya malori matatu yanayobeba asidi kwenda Kolwezi: umekaa upande wa majani, huoni kitu mbele mpaka pua yote ya gari imeshatoka. Hapo Mama anakuwa macho yako, na Mama akisema "ngoja", unangoja. Tatu, mlango wa kuburuta. Hiace nyingi za Japani zina mlango mmoja tu, wa kushoto, kwa sababu kwao kushoto ndiko kwenye kando ya barabara. Hapa ukisimama kando, mlango huo unafungukia katikati ya njia. Kwa gari la kulalia, ambalo mtu anashuka usiku akiwa na usingizi, hilo si dogo. Tafuta lenye milango pande zote mbili. Ukilikosa, zoea kuegesha mbali na barabara na kushukia nyuma. Nne, taa: za magari hayo zimetengenezwa zimulike zaidi kushoto, yaani hapa kwetu zinamulika macho ya anayekuja. Fundi wa umeme anaweza kuzishusha kidogo, ila dawa kamili ni taa zenyewe zibadilishwe, na dawa ya bure ni kutotembea usiku. Mimi nimechagua ya bure.

Matairi sitayasema sana. Yawe ya gari la mizigo, yale yenye ubavu mgumu. Ubavuni soma namba nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini la miaka kumi ni jiwe lililopakwa rangi. Na la akiba liwe zima kama manne mengine, pamoja na jeki iliyojaribiwa.

Umeshalipa, gari liko uani. Usijenge. Toa viti vya nyuma, uviweke mahali pakavu, maana siku ukiliuza mnunuzi atavitaka. Tandika godoro chini, chukua Mama, mlale humo usiku mmoja hapo hapo nyumbani Katuba. Majirani watacheka, wacha wacheke. Usiku huo utakufundisha kichwa kinakaa wapi, hewa inaingia wapi, nani anaamka kwenda chooni mara ngapi na anapita juu ya nani.

Kisha pima. Hiace nyembamba ya kawaida ina upana wa nje wa mita 1.695, kwa hiyo ndani, ukishaondoa kuta, mtu mzima hawezi kujinyoosha kukingama. Mtalala kwa urefu wa gari. Kitanda cha sentimita 190 kwa 130 kinatosha wawili wanaopendana. Kimo ndicho kinachokosewa na kila seremala. Kutoka sakafuni hadi paa la kawaida utapata kama sentimita 130. Mtu akiketi wima anahitaji karibu 90. Ukifanya kitanda cha kimo cha 45, upate nafasi kubwa ya mizigo chini, ukaongeza godoro la 10, zinabaki 75, na hapo mtakula chai mmekunja shingo kama kuku wa sokoni. Fanya kitanda cha sentimita 30. Mizigo itakuwa ya kusukuma badala ya kupanga, lakini mtaketi kama watu.

Hapa seremala anaruhusiwa kurudi. Mpe tripleksi (plaiwudi) mbili za milimita 12 na vyuma vyepesi vya mraba kwa fremu, na ukatae kabisa mbao nzito za msituni hata kama ni zawadi. Tripleksi moja ya ukubwa huo ina kilo ishirini na kitu. Nimewapigia hesabu: ninyi wawili kilo 150, maji lita 40 ni kilo 40, mbao 45, godoro 15, batri ya risasi 30, gesi ndogo na jiko 12, chakula na nguo 50, vifaa na jeki 40. Ni kilo 382 tayari, na Mama bado hajanunua viazi vya njiani, naye atavinunua. Hiace haitajali, Noah itaanza kuinama. Fremu ifungwe kwa bolti kwenye matundu yale yale ya viti, isipigwe msumari wala isichomelewe kwenye bodi. Ubao wa juu ukatwe vipande vitatu unavyoweza kuvinyanyua mmoja mmoja bila kutoa godoro lote. Kona zote zipigwe msasa ziwe duara. Utanikumbuka usiku wa kwanza goti litakapogonga.

Bidoni za maji zikae chini, katikati, karibu na nyuma ya viti vya mbele, zifungwe kamba. Maji ya nyuma kabisa hufanya gari kutikisa mkia kwenye kona.

Jikoni ni mlango wa nyuma. Mlango wa Hiace unafunguka kwenda juu na kuwa paa. Chini yake vuta sanduku moja lenye sufuria, mwiko, chumvi na unga, weka jiko la gesi juu ya meza ya kukunja, na bukari (ugali) inasongwa mmesimama wima huku mkiangalia ziwa. Hamhitaji sinki. Beseni mbili zinatosha, na siku ya michopo (nyama choma) ya njiani hata hizo hazitoki.

Umeme, hapa nitakaa kidogo, ingawa watu wa Lubumbashi si wa kufundishwa sola: kwetu kila nyumba ina fundi wake. Hesabu kwanza, nunua baadaye. Taa mbili ndogo za wati 5 kwa saa nne ni 40. Feni ya wati 20 kwa saa sita ni 120. Simu mbili ni kama 30. Jumla wati-saa 190 kwa siku. Batri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina 1,200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Hizo ni siku tatu bila jua kabisa. Sasa ongeza friji ndogo ya wati 40 inayofanya kazi nusu ya muda: 480 kwa siku. Jumla inakuwa 670, na batri haifiki hata asubuhi ya pili. Friji peke yake inakulazimisha kununua paneli kubwa, batri ya lithiamu na nyaya nene. Ndiyo maana nawaambia waanze na sanduku la barafu. Kapenta iliyokauka haijawahi kudai friji.

Paneli ya wati 100 juu ya paa inatosha kwa hesabu ya kwanza, na kidhibiti chake. Batri ya ndani isiwe ile ya kuwashia gari. Iwe ya pili, iunganishwe na altaneta kupitia rilei inayokata muunganisho huo injini ikizimwa, ili taa za ndani zisiwaache porini na injini isiyoamka. Kama siku moja utanunua lithiamu, usiiunganishe moja kwa moja na altaneta, maana inavuta mkondo mwingi hadi altaneta inaungua. Kuna chaja maalumu inayokaa katikati. Na fyuzi, Papa, fyuzi iwe karibu kabisa na batri, siyo mwisho wa waya. Waya unaopita chini ya kitanda cha mbao ukikwaruzwa bila fyuzi, mnalala juu ya kuni.

Sasa baridi, na hapa naomba Mama asome mwenyewe. Lubumbashi na uwanda wote huu uko juu, mita 1,200 na zaidi, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Ndani ya bati ni baridi ya kuuma mifupa. Mtu atafikiri: mbabula (jiko la makaa) ina makala mekundu, moshi umekwisha, niiingize dakika kumi tu. Usiiingize. Hata dakika tano. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kwa wingi hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Haikuamshi, inakuongezea usingizi, na asubuhi watu wanavunja kioo. Jiko la gesi nalo halilali linawaka ndani. Dawa ya baridi ni blanketi mbili za ziada, kofia ya sufu, chupa ya maji ya moto miguuni, na povu jembamba lililobandikwa kwenye paa na milango, ambalo mwezi wa Oktoba litawasaidia pia dhidi ya joto. Na madirisha mawili, moja mbele na moja nyuma, yabaki wazi vidole viwili usiku kucha, hata kwenye baridi. Pumzi za watu wawili ni maji. Ukifunga kila kitu, asubuhi paa linadondosha na godoro linaanza kunuka. Kwenye nafasi hizo weka wavu wa mbu uliokatwa kwa kipimo na kushikwa na sumaku. Malaria haijali kwamba mko matembezini.

Vumbi ni adui wa pili. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la njia za udongo linaingia kwa mlango wa nyuma, si kwa mbele, kwa sababu gari likikimbia linavuta hewa nyuma yake. Badilisha mpira wa mlango huo, kisha ukiwa barabarani funga madirisha yote ya nyuma na uwashe feni ya mbele iingize hewa ya nje. Hewa ikijaa ndani, vumbi halipati njia. Watu hufanya kinyume, wanafungua nyuma "hewa ipite", wanafika maporomoko ya Kiubo wote wana nywele za mzee.

Kuhusu wapi na lini. Anza karibu: Likasi ni kilomita 120 hivi, lami, mnaenda na kurudi mkisikiliza gari linavyolalamika. Kisha Mwadingusha, kwenye ziwa la bwawa la Lufira. Kolwezi, karibu kilomita 300, iwe ya tatu. Lofoi ni mtihani, msiianze. Maji yake yanaanguka zaidi ya mita 300, mara tatu ya Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls, kule Livingstone) kwa kimo, nasi tunakaa hapa bila kwenda kuyaona. Lakini maji hupungua sana kiangazi kikikomaa, na wakati wa mvua njia inameza magari. Mei na Juni mapema ndiyo dirisha: udongo umekauka, mto bado una nguvu. Ni ndani ya hifadhi ya Kundelungu, kwa hiyo mjulishe ICCN, wasimamizi wa hifadhi, mlipe, na muende na mlinzi. Kama mnaweza, muende magari mawili.

Pa kulala ni swali la adabu kuliko la ramani. Kijijini nenda kwanza kwa sultani wa kijiji, umwamkie, useme mnatoka wapi na mnaondoka lini, na usiende mikono mitupu. Hapo mnakuwa wageni wake, na vijana wake wanakuwa walinzi wenu. Misheni nazo mara nyingi zina ua na bomba la maji. Kando ya barabara kuu, kwenye malori, msilale.

Livingstone, Zambia: kutoka mpaka wa Kasumbalesa ni zaidi ya kilomita 900, kupitia Chingola, Kitwe, Ndola na Lusaka. Nendeni polepole, siku tatu. Mtahitaji vitabu vya njano vya chanjo, Kadi ya Njano ya COMESA kwa bima ya gari, kibali cha muda cha kuliingiza gari, na pesa za ushuru wa kaboni na za barabara. Wekeni pembetatu mbili za kuakisi. Ukishavuka unaendesha mkono wa kushoto, na ghafla volani yako ya kulia na mlango wako wa kushoto vinakuwa na akili. Gari linarudi kwao, kwa maana fulani. Kosa hutokea asubuhi ya pili, ukitoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu. Bandika karatasi kwenye dashibodi: KUSHOTO. Mosi-oa-Tunya ukiifuata Oktoba upande wa Zambia utapiga picha ya mwamba. Aprili hadi Juni utarudi umelowa.

Choo: ndoo yenye kifuniko kinachobana, mfuko ndani, na vumbi la mbao la yule seremala, ambaye sasa amepata kazi nyingine ya maana. Ikae nyuma ya kiti cha abiria, ndani ya sanduku lenye mto juu, nayo inakuwa kiti. Nimejenga vyoo vya kemikali kwa watu wawili na wote wawili wamerudi kwenye ndoo.

Na pazia, Mama. Kitambaa kizito, upande wa nje rangi nyeusi au ya kahawa ili mwanga wa taa usionekane usiku na gari lionekane tupu, upande wa ndani weupe ili kile kitaa cha wati 5 kitoshe kusomea. Cha kioo cha mbele kiwe kile kinachong'aa kama bati, kwa jua la mchana. Pima madirisha kwa karatasi za gazeti kabla ya kukata kitambaa. Ya Hiace hayalingani kushoto na kulia.